Hali ya Hewa na Ndoano: Ushauri kwa Mvuvi wa Lubumbashi

Kijana wa Lubumbashi anayeanza kuvua kwa ndoano siku hizi hujifunza kwenye simu. Anatazama video za Wamarekani wakiwinda samaki wao, bass, na akizima simu anabaki na kanuni moja kichwani: barometa ikishuka samaki wanakula, ikipanda wanafunga midomo. Anapakua programu ya kupima mgandamizo wa hewa, anaamka alfajiri ya Julai, anakaa kando ya maji hadi vidole vinakufa ganzi, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Programu ilikuwa imemwambia siku ni nzuri.

Programu haikudanganya, ilitengenezewa nchi nyingine. Huku kwetu, kwenye nyuzi 11 na zaidi kusini mwa ikweta, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa mpango uleule: unafika juu katikati ya asubuhi, unashuka alasiri, unapanda tena usiku. Tofauti yenyewe ni milibari 3 au 4. Sasa fanya hesabu ya shuleni: milibari 1 ya hewa ni sawa na uzito wa sentimita 1 ya maji. Samaki aliyeshuka sentimita 4 kumfuata mdudu ameshapata mabadiliko ya siku nzima, na anashuka na kupanda hivyo kutwa bila kupoteza hamu ya chakula. Marekani ni habari nyingine, maana huko hewa baridi kutoka kaskazini hukutana na hewa ya joto kutoka kusini, na barometa inapocheza, joto, upepo na mawingu navyo hugeuka ndani ya siku moja. Mvuvi wa huko akitaja barometa, anataja hayo yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo iache programu hiyo. Samaki haishi hewani. Hali ya hewa humfikia kupitia maji, tena humfikia ikiwa imechelewa: baridi ya usiku wa jana, mvua ya juzi huko juu ya mto, pengine mvua iliyonyesha Zambia miezi miwili iliyopita. Kabla ya kurusha ndoano unatakiwa kujua joto la maji, mahali upepo unakoyasukuma, rangi yake, na kama yanapanda au yanashuka. Anga inakusaidia kukisia hayo, basi.

Bass mwenyewe si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Waingereza walimpeleka Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, na wazungu wa huko wakamfanya samaki wa michezo. Kwetu Katanga nafasi yake anayo makobo. Sokoni jina hilo hupewa samaki zaidi ya mmoja. Hapa namsema yule mwenye mdomo mpana anayewinda samaki wadogo pembeni mwa matete, wa ukoo ambao wanasayansi wanauita Serranochromis. Anapatikana katika mito ya Lufira na Luapula na katika Ziwa Moero. Pembeni yake wako tilapia na kambale, ambao ndio wanaojaza ndoo za watu wengi, nao pia nitawasema.

Baridi ya Juni na Julai

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana usiku wa Julai joto la hewa hushuka hadi nyuzi 6 au 7 huku mchana likirudi 25 au 26. Hewa inaruka karibu nyuzi 20 kwa siku. Maji hayawezi mbio hizo. Yanapokea joto polepole na kuliachia polepole, na kadiri yalivyo mengi ndivyo yanavyochelewa. Bwawa la kina cha kiunoni hupoa vibaya usiku mmoja tu. Ziwa Moero, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, halijali usiku mmoja, linapoa kwa majuma.

Tilapia ni samaki wa joto. Anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka hadi 20 anakula kidogo, tena bila haraka, na chini ya 16 huwa ameacha kabisa. Wabelgiji waliofungua kituo cha utafiti wa ufugaji samaki pale Kipopo, nje ya mji, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walikutana na tatizo hilohilo: samaki waliokuwa wakinenepa upesi wakati wa joto walidumaa wakati wa baridi. Makobo naye hupoteza mbio zake. Hafi njaa, lakini hakimbilii chakula kilicho mbali.

Nunua kipimajoto, hata kile cha bei ndogo kinachotumika kwenye matangi ya samaki. Kifunge kwenye uzi pamoja na jiwe dogo, kitumbukize ukingoni hadi kina cha magoti, kiache dakika 2, kivute haraka na ukisome kabla upepo haujakipoza. Kisha kirushe tena, safari hii mbali na ukingo, kwenye maji ya kina kirefu. Vipimo hivyo viwili vina faida kuliko utabiri wote wa redio. Ukingoni kukiwa na nyuzi 17 na kwenye kina kirefu 19, usihangaike na ukingo. Samaki wako kwenye kina, na watakuja jua likishayapasha maji ya ukingoni. Kukiwa 17 pote pawili, bwawa zima limepoa: kaa uote jua, ule mhogo wako, urudie kipimo jua likikaribia utosini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, maana tumelelewa tukiambiwa mvuvi ni mtu wa alfajiri. Alfajiri ni ya Oktoba. Julai lala. Saa nzuri za Julai zinaanza umande ukishakauka na zinakwisha vivuli vinapoanza kurefuka, na katikati hapo ile ya baada ya chakula cha mchana ndiyo bora. Tazama pia usiku ulivyokuwa: anga likikesha jeupe na nyota zimejaa, joto la maji limepaa lote kwenda juu, mawingu yakilala juu ya mji, hata membamba, asubuhi inayofuata maji huwa na nafuu ya nyuzi moja au mbili, na nafuu hiyo samaki anaihisi.

Kuhusu mahali pa kukaa, kumbuka kwamba miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini. Miti iliyo kwenye ukingo wa kaskazini hutupa kivuli chake majini. Ukingo wa kusini uko wazi na unaota jua mapema. Asubuhi tulivu, anzia kusini. Lakini upepo wa kiangazi kwetu hutoka kusini-mashariki, na ukishaanza kuvuma katikati ya mchana husukuma maji ya juu, yale yaliyokwisha kupata joto, hadi ng'ambo. Basi alasiri hamia kaskazini-magharibi. Kwenye bwawa dogo ni kuzunguka tu kwa miguu, ila wavivu hawazunguki. Ukuta wa mawe wa bwawa, mwamba mweusi na tope jeusi kwenye ghuba ya kina kifupi hushika joto. Ghuba ya namna hiyo ikiwa na kina kirefu karibu yake, samaki ana chumba cha kulala na jiko jirani, na hapo usiondoke.

Mtego wenyewe nao ubadilike. Maji ya kiangazi ni meupe, tope limetulia, na samaki anakuona kabla hujamwona. Tumia mshipi mwembamba, simama nyuma ya matete, usivae shati jeupe. Chambo kiwe kidogo: kipande cha nyungunyungu, au punje ya bukari, ugali wetu, iliyokandwa na unga mbichi kidogo ili isiyeyuke. Kwa makobo, ukitumia chambo bandia, kivute polepole kuliko unavyodhani inafaa, ukiache kitulie, ukivute tena. Baridi inapokuwa kali huwa haumi wakati chambo kinatembea. Anauma kikisimama, na utakachohisi ni uzito mdogo kana kwamba umenasa kwenye jani.

Upepo

Kwenye upepo nitasema machache kwa mvuvi wa pwani ya bwawa, na mengi kwa anayepanda mtumbwi.

Wa pwani: usiukimbie. Watu hupenda kukaa upande uliotulia kwa sababu kiboya kinaonekana vizuri. Chakula, hata hivyo, kimesukumwa upande wa mawimbi. Vijidudu vya majini hufuata maji, samaki wadogo hufuata vijidudu, makobo hufuata samaki wadogo. Maji yaliyochafuka kidogo kwa mawimbi pia yanamficha mwindaji, na yanakuficha wewe. Upepo unaokupiga usoni ni upepo mzuri. Ongeza chubwi, fupisha mshipi, vumilia.

Wa mtumbwi: Ziwa Tshangalele, lililozaliwa bwawa la Mwadingusha lilipojengwa kwenye Lufira mnamo 1930, lina mamia ya kilomita za mraba lakini wastani wa kina chake haufiki mita 3. Kusini mwa Moero nako ni kina kifupi. Maji mapana yenye kina kifupi huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana bila nafasi, na mtumbwi mwembamba hauna pumzi kati ya wimbi na wimbi. Katika kiangazi upepo wa kusini-mashariki huamka jua likishapanda. Vua asubuhi upande wa mashariki, chini ya kinga ya nchi kavu, uwe umerudi kabla haujashika kasi. Anayekuambia wenyeji wanavuka tu wakati wowote, mwambie wenyeji wanajua kuogelea, wanajua njia za kwenye matete, na bado kuna wanaozama.

Oktoba, na usiku wa inswa

Oktoba ni kinyume cha Julai. Hewa inapita nyuzi 30, maji yamepungua, moshi wa mioto ya msituni unaning'inia angani na jua linaonekana jekundu tangu asubuhi. Maji ya kina kifupi yanakuwa ya moto kufikia adhuhuri, na maji ya moto hubeba hewa kidogo ya kupumua. Vua kuanzia kupambazuka hadi jua linapoanza kuchoma, rudi jioni. Mchana tafuta kivuli, mdomo wa kijito, au mahali maji yanapoanguka juu ya mawe.

Kisha mvua za kwanza zinakuja, mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba, na jioni moja baada ya mvua inswa, yaani kumbikumbi, wanatoka ardhini kwa maelfu. Kila mtu mjini anajua jioni hiyo: watoto wako chini ya taa na mabeseni, mama wanatafuta kikaango. Samaki nao wanaijua. Kwa saa moja au mbili tilapia na makobo wanasahau hofu yote na kuokota juu ya maji, na utasikia midomo yao kabla ya kuona duara la maji.

Jiandae mapema. Okota inswa usiku wa kwanza chini ya taa, watie kwenye chupa yenye majani makavu na matundu madogo kwenye kifuniko, waweke mahali penye ubaridi. Ndoano iwe ndogo, isiyo na chubwi, na mshipi mwembamba. Mshike mdudu kwa mabawa, pitisha ndoano chini kidogo ya kichwa ambako mwili ni mgumu, kisha kata mabawa mawili na umwachie mawili: yote manne yatamzungusha hewani unaporusha, na bila bawa hata moja atazama. Rusha juu ya upepo, acha aelee, usivute. Samaki akimchukua, hesabu moja, mbili, ndipo uinue fimbo.

Mvua hizo hizo za kwanza zina ubaya wake, nao ni wa nchi ya migodi kama yetu. Miezi sita ya vumbi, mafuta ya magari na mabaki ya migodi husombwa kwa siku chache hadi mito ya Naviundu, Lubumbashi na Kafubu. Shaba iliyoyeyuka majini hudhuru mashavu ya samaki hata ikiwa kidogo, na samaki waliobaki hai wanaibeba mwilini pamoja na kobalti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima metali hizo katika samaki wa Tshangalele, ambako maji ya viwanda vya Likasi huishia. Novemba 2025 tuliona maji machafu ya mgodi yakiingia mitaani hapa mjini baada ya bwawa lake kupasuka. Basi mvua za kwanza zikishanyesha, usivue chini ya mgodi, chini ya kiwanda wala chini ya mfereji wa mtaa, hata ukiona samaki wanaelea kirahisi. Hasa ukiwaona wanaelea kirahisi. Nenda juu ya mto, au nenda kwenye bwawa linalolishwa na chemchemi yake.

Mvua ikishakolea

Kuanzia Desemba swali si tena joto, maana maji yana joto la kutosha usiku na mchana. Swali ni rangi na kina.

Kipimo cha rangi unacho mwilini. Ingiza mkono majini, vidole vimenyooka, ukitazama ncha zake. Zikipotea kabla maji hayajafika kifundo cha mkono, maji ni tope: makobo anayewinda kwa macho hana kazi hapo, mwache. Huo ni wakati wa kambale, anayenusa na kupapasa kwa ndevu zake. Mpe kitu chenye harufu, utumbo wa kuku au nyungunyungu kadhaa kwa pamoja, kwenye ndoano kubwa iliyolala chini, jioni hadi usiku. Mvua kubwa inapofurisha majani ya ukingoni, kambale hupanda humo usiku kutaga, kwenye maji yasiyofika magoti. Ukiona vidole hadi kwenye kiwiko, makobo yupo kazini. Kati ya vipimo hivyo viwili tumia chambo kinachong'aa au kinachotikisa maji, na ukipitishe karibu na matete, maana anaona hatua moja tu mbele yake.

Mahali pazuri kuliko pote baada ya mvua ni mpaka. Kijito cha tope kinapoingia ziwani hakichanganyiki mara moja. Utaona mstari, upande mmoja kahawia na upande mwingine kijani. Samaki wadogo wanajificha ndani ya tope na makobo anazunguka upande mweupe. Rusha ndani ya tope, vuta hadi chambo kitokee kwenye mwanga. Anachukua pale pale kwenye mstari.

Kuna mvua moja ya kuogopwa na wenye mabwawa. Joto likikaa siku nyingi bila upepo, maji ya juu yanakuwa moto na mepesi, ya chini yanabaki baridi na mazito, na yale ya chini yanaishiwa oksijeni. Halafu inakuja mvua kubwa ya baridi na upepo, inapoza maji ya juu na kuyapindua yote kwa saa chache. Asubuhi samaki wamejipanga juu wakipumua kwa midomo wazi, maji yananuka mayai yaliyooza. Mvuvi akiona hivyo asipoteze chambo: samaki anayetafuta pumzi hatafuti chakula. Mwenye bwawa afungue maji mapya, na asiwape chakula siku hiyo. Baada ya siku mbili tatu mambo hurudi sawa. Hali ndogo ya namna hiyo hutokea pia baada ya siku nzima ya mawingu mazito: majani ya majini hayakupata mwanga wa kutengeneza oksijeni, na alfajiri inayofuata ni mbaya, hivyo nenda jioni.

Luapula ina kalenda yake

Hapa ndipo mvuvi wa mjini anapotea zaidi. Mvua inakwisha Lubumbashi mwanzoni mwa Aprili, vumbi linarudi barabarani, naye anasema moyoni: maji yanashuka, twende Kasenga, kwenye Luapula. Anasafiri zaidi ya kilomita 200, anafika, na mto umejaa hadi kwenye majani.

Sababu iko Zambia. Luapula hutoka kwenye vinamasi vya Bangweulu, na vinamasi hivyo huyanywa maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Mafuriko yanafika Kasenga yakiwa yamechelewa, na Moero hufika juu kabisa karibu na Mei, wakati sisi tumeshaanza kuvaa masweta. Kafubu na vijito vya karibu na mji vinashuka mvua ikikatika; Luapula bado inapanda. Mito miwili ya mkoa mmoja, mmoja ukienda mbele ya mwingine kwa majuma kadhaa.

Kuna faida ndani yake kwa mwenye kujua. Wakati mzuri wa makobo ni maji yanapoanza kushuka. Katika mafuriko samaki wadogo wametawanyika ndani ya majani yaliyozama, hawashikiki wala kwa mwindaji wala kwa ndoano. Maji yakianza kurudi mtoni, vidimbwi vyote hutiririka kupitia mifereji michache myembamba, na samaki wadogo hawana njia nyingine. Makobo anasubiri mdomoni mwa mfereji. Luapula hata manda, yule mwenye meno ya mbwa, anakuja. Simama chini ya mdomo huo, rusha juu, acha mkondo ukuletee chambo kama unavyomleta samaki mdogo aliyechoka. Kwa mito ya karibu na mji, saa hiyo ni Machi mwishoni na Aprili. Kwa Luapula ngoja Juni, ambapo hata ubaridi hauumizi sana kwa kuwa mto mkubwa hupoa taratibu. Kujua kama maji yanashuka, choma kijiti ukingoni unapofika na uweke alama kwa kucha. Kitazame baada ya kula.

Wazee wa Kasenga waliishi kwa kalenda hiyo. Mto ulipoanza kupanda, samaki waitwao mpumbu walipanda nao kwenda kutaga, makundi kwa makundi, na watu walijua siku kwa kutazama maji. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga wakawanunua na kuwasafirisha kwenye barafu kuwalisha wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière huku Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa, na nyavu zikaongezeka kwenye njia ile ile ya kutagia. Kufikia miaka ya 1950 msafara ule wa mpumbu ulikuwa umeshavunjika.

Ndiyo maana hali ya hewa nyingine inakuambia usivue. Upande wa Zambia, Luapula na Moero hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Upande wetu, uliza kwanza ofisi inayosimamia uvuvi huko uendako kabla hujalipa usafiri. Na hata pasipo katazo, makobo jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Wakati huo karibu haumi, na akiuma ni kwa bahati mbaya yake. Ukimtoa majini ukaona koo limevimba na vitoto vinadondoka, mrudishe hapo hapo na watoto wake bila kumpiga picha.

Radi

Nimeliacha mwisho kwa kuwa ndilo lisilo na mjadala. Nchi yetu inapigwa na radi kuliko karibu nchi zote: utafiti wa setilaiti uliotolewa 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Katanga haifiki huko, lakini alasiri za Novemba hadi Machi hazicheki na mtu, na mvuvi ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye maji, tena ameshika fimbo. Fimbo za kisasa za kaboni hupitisha umeme vizuri. Mwanzi uliolowa nao si salama.

Mvua zetu za masika hujengeka mchana. Asubuhi anga ni safi, baadaye kidogo mawingu meupe yanaanza kuota kama uyoga, na alasiri yale yaliyopanda juu sana yanageuka meusi tumboni na kutanuka bapa kichwani. Ukiona kichwa kimetanuka hivyo, anza kukunja. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, toka majini sasa hivi, weka fimbo chini, ondoka ukingoni. Upepo baridi ukikupiga ghafla kutoka upande wa wingu, umeshachelewa, usipoteze muda kukusanya vitu. Usijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake wala chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshatoka na samaki wanaruka. Gari lenye paa la chuma, milango na vioo vimefungwa, ni kinga nzuri. Pikipiki si kinga hata kidogo.